Miezi ya Baba

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mwezi Machi)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, aliniachia nichague jambo mwenyewe. Nafikiri alitazamia kwamba ningezungumza juu ya zao la pamba, maana ndilo limenipa ugali tangu nilipotoka Chuo Kikuu. Nimechagua jingine, na kabla sijalitaja yanipasa niungame. Mwaka jana mlipokutana hapa mimi sikuja. Barua ya udhuru mliyosomewa ilisema kwamba nimesafiri kikazi. Haikuwa kweli. Nilikuwa nyumbani kwangu, hapa hapa Bariadi, mwendo wa robo saa kwa baiskeli, nimelala, mapazia yamefungwa saa sita ya mchana. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimefiwa. Mke wangu alikuwa amenipigia pasi shati la mkutano akalitundika mlangoni. Shati lile lilikaa pale siku nne.

Leo pia ni mwezi Machi, na nimekuja. Nitawaeleza yaliyotokea katikati, lakini yabidi nianzie mbali kidogo.

Nilizaliwa upande wa Itilima, wakati kote huku kukiitwa Mkoa wa Shinyanga. (Mkoa wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012, kwa hiyo vijana wa kidato cha kwanza walioketi pale mbele ni rika lake.) Nyumbani kwetu tulikuwa na kalenda mbili. Moja ilikuwa ya ukutani, yenye picha. Ya pili haikuandikwa popote, ila ndiyo tuliyoifuata. Mvua za kwanza zikinyesha, Oktoba au Novemba, watu huingia shambani. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba. Januari na Februari ni palizi, na miezi hiyo ndiyo kihenge kinapoanza kulia kama ngoma ukikigonga. Mtama wa mwaka uliopita umekwisha, mahindi mapya hayajakomaa, na pamba ya kuleta fedha haitachumwa mpaka Mei au Juni. Tulikula michembe na matobolwa, mchana na usiku, kwa nsansa. Naona wenzangu wa umri wangu mnacheka. Mnaijua ladha yake mwezi wa tatu mfululizo.

Baba alikuwa mtu wa maneno mengi na masihara mengi. Lakini kila mwaka, Krismasi ikishapita, alinyamaza. Alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba akitazama njia. Shambani alikwenda, kwa kuwa jembe lilikuwa linamngoja. Akarudi, akakaa tena. Hata siku chakula kilipopatikana alikisukuma kando. Usiku tulimsikia akitembea uani peke yake. Mama alikuwa na kauli moja tu ya kutueleza: “Ni miezi ya baba.” Maana yake, msimsumbue. Ilipofika Mei, baba alirudi kuwa baba, na hatukuwahi kumwuliza alikuwa amekwenda wapi. Alifariki bila sisi kuuliza.

Nilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilisoma, kwa bahati tu, kwamba kuna maradhi ya moyo mzito yanayokuja kwa msimu na kuondoka kwa msimu. Walioyaeleza, mwaka 1984, ni daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani. Rosenthal ni mzaliwa wa Johannesburg. Alipohamia New York aliona kwamba majira ya baridi yakifika nguvu zake zinamwishia. Sababu waliyoitilia mkazo ni upungufu wa mwanga. London mwezi Juni mchana huchukua zaidi ya saa 16, lakini mwezi Desemba hauifikii hata saa 8. Tromsø, kaskazini ya Norway, jua halichomozi kabisa kwa muda wa miezi miwili hivi. Wagonjwa wa huko huwekwa mbele ya taa kali kila asubuhi, na wengi hupata nafuu.

Nikafunga kitabu nikasema, basi, hayo si ya kwetu. Hapa Bariadi hatujafika hata nyuzi tatu kusini ya Ikweta. Tofauti ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mchana mfupi kabisa haifiki nusu saa, na jua la Itilima halijapata kuchelewa kazini. Baba, nikaamua, alikuwa na tabia yake tu.

Nilikosea kwa kuwa nilitazama jua, na msimu wa kwetu haumo katika jua. Umo katika kihenge, katika deni la mbegu na dawa ya wadudu, katika fedha inayoingia mara moja kwa mwaka. Baadaye sana nilikuta maandiko ya wataalamu wawili, Craig Hadley na Crystal Patil, waliofanya utafiti kwa akina mama wa vijijini katika nchi yetu hii. Mwaka 2006 waliandika kwamba kadiri nyumba inavyokosa uhakika wa chakula, ndivyo mama wa nyumba ile anavyokuwa na dalili nyingi zaidi za hofu na huzuni nzito. Na mwaka 2008 wakatoa andiko jingine lililolifuata jambo hilo hilo kwa misimu. Nilipoyasoma nilimkumbuka mama yangu, na nikaona haya. Sikuwahi kujiuliza kama naye alikuwa na miezi yake, au kama alipata nafasi ya kuwa nayo.

Waganga wetu siku hizi huyaita maradhi haya sonona. Ni neno zuri, maana kusonona ni kuumia kwa ndani pasipo kelele, na ndivyo yalivyo.

Sasa mtu ataniuliza: wewe una mshahara wa kila mwezi, kihenge kinakuhusu nini? Nilijiuliza hivyo hivyo kwa miaka. Sehemu ya jibu ni kwamba kihenge cha ukoo mzima huja kulia mlangoni pa mwenye mshahara. Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika sekondari za umma hadi kidato cha nne, na ni msaada mkubwa. Lakini sare, madaftari, godoro la bweni na nauli havikuondoka, navyo huja vyote Januari. Shemeji huja, na mjomba huja. Huwezi kuwalaumu, kwa maana ungalikuwa wewe ungalikuja. Lakini hilo ni sehemu tu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba maradhi haya hayaangalii cheki ya mshahara. Yakishaingia, hukaa hata sababu yake ikiondoka. Hilo nililijua kwa njia mbaya, na hapa ndipo mahali pagumu pa mazungumzo yangu.

Tulikuwa na mwenzetu darasani. Sitamtaja; wa kidato chetu mnamjua, nao wengine si lazima wamjue. Baada ya shule alirudi kulima pamba upande wa Meatu, na alikuwa mkulima hodari. Msimu wa mwaka 2019 wengi mnaukumbuka. Bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi waliokwisha kupeleka pamba yao walikaa miezi bila kulipwa. Mimi nilikuwa nikizungukia vyama vya msingi, nikiwaeleza watu jambo ambalo mwenyewe sikuwa na maelezo yake.

Nilimkuta penye ghala. Alikuwa amekonda, shati limemwelea. Nikamwuliza, “Mhola?” Akajibu, “Mhola duhu.” Amani tu. Ninyi mnajua salamu zetu za Kisukuma zilivyo ndefu. Tunauliza nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, majirani, na kila swali hupata jibu lile lile. Tuliulizana yote. Aliyajibu yote akitazama chini. Nami nikamwambia neno ambalo nimelijutia mpaka leo: “Vumilia ndugu yangu, malipo yakija utakuwa sawa.”

Malipo yalikuja, naye hakuwa sawa. Muda si mrefu baada ya kulipwa alijitoa uhai.

Sisemi kwamba pamba ndiyo iliyomwua. Mambo ya namna hii hayana sababu moja, na wanaotaja sababu moja aghalabu wanatafuta wa kumlaumu. Ninachosema ni kwamba mimi nilimwambia angoje msimu, kama vile mama alivyotuambia tungoje Mei. Kwa baba Mei ilitosha. Kwa mwenzetu haikutosha, na hakuna aliyetazama, kwa sababu hesabu yetu ilionyesha kwamba shida yake imekwisha. Hapo ndipo ningependa mnisikilize. Msimu waweza kuwa mlango ambao maradhi haya huingilia, lakini si lazima yatokee kwa mlango huo huo. Mtu akiwa na moyo mzito kila siku, karibu mchana kutwa, kwa majuma mawili, au akiacha kuonja raha katika mambo aliyoyapenda, asiambiwe angoje mavuno. Apelekwe kwa tabibu, hata kama ana sababu nzuri ya kuhuzunika. Aliyevunjika mguu kwa kuanguka mtini hatumwachi bila banzi eti kwa kuwa tunajua alivyoanguka.

Mimi mwenyewe sikujipeleka. Miezi yangu ilianza kidogo kidogo, Januari moja, halafu nyingine, kila mwaka ikikaa zaidi. Nilifikiri ni malaria, maana ni wakati wa mvua na mwili ulikuwa mzito. Mara tatu katika majuma sita nilipimwa, mara tatu sikuonekana na vimelea. Mahali pamoja nikapewa dawa ya malaria vivyo hivyo, nikaimeza kwa shukrani. Malaria ina heshima yake. Ukisema una malaria ofisini watu watakupa pole na kukushikia kazi. Ukisema huwezi kuamka kwa kuwa moyo umekufa ganzi, mtu atakutajia Mirembe.

Na hapa wanafunzi wasinicheke peke yangu. Tulipokuwa hapa mwaka 1997, “Umetoroka Mirembe!” ilikuwa ndiyo tusi letu la bwenini. Hospitali ile ya Dodoma imetibu Watanzania tangu zama za Waingereza, nasi tumeligeuza jina lake kuwa fimbo. Nawauliza, kama bado mnalo tusi hilo: je, mwenzenu mwenye dalili hizi atawaambia ninyi?

Aliyenitoa kitandani mwaka jana ni afisa mwenzangu, mdogo wangu kwa umri na kwa cheo. Mke wangu alimwita. Aliingia, akafungua pazia, hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniuliza, “Kaka, jana umelala saa ngapi? Umekula nini?” Nilikaa kimya, kwa maana maswali hayo hayajibiki kwa “mhola duhu.” Nikamwambia sijala tangu juzi na silali. Kesho yake alfajiri tulipanda basi la Mwanza kupitia Lamadi, yeye kiti cha dirishani kwa kuwa mimi sikutaka kutazama nje.

Daktari alinisikiliza kwanza. Kisha akanipima damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kujifanya sonona. Kisha akanisomea maswali tisa juu ya majuma mawili yaliyopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kushindwa kutuliza akili katika jambo moja, kujiona mtu asiyefaa. La mwisho liliuliza kama nimewaza kwamba afadhali nife. Aliuliza waziwazi, kwa sauti ile ile aliyoulizia usingizi. Wengi huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampa mtu wazo. Si kweli, hawampi. Wazo kama lipo lilikuwapo kabla yao, na mwenye kulibeba hupata pa kulitua. Nilimjibu kweli, na machozi yakanitoka mbele ya mtu nisiyemjua, mimi afisa mzima mwenye kalamu mfukoni.

Nilipewa vidonge vya kila siku na miadi ya kurudi kuzungumza. Juu ya vidonge niseme mawili tu, kwa sababu ndiyo yanayowaangusha watu. Haviponyi kesho, huchukua majuma mawili, manne, hata zaidi, kabla hujaona tofauti, na mke wangu ndiye aliyeiona kabla yangu, nilipolalamika kwamba mboga haina chumvi. Pili, ukipata nafuu usivitupe. Daktari ndiye huvipunguza, polepole, na aghalabu baada ya miezi mingi ya kuwa mzima.

Katika mazungumzo yale daktari aliniuliza baba alilima na nani. Nilishangaa swali hilo. Nikamjibu: alipokuwa kijana, na kikundi, tulipokua sisi, peke yake. Ninyi mnajua jinsi wazee wetu walivyoingia shambani, safu ya majembe na ngoma mbele. Mnajua Bagalu na Bagika walivyoshindana kucheza baada ya mavuno, na wanavyoshindana hata leo kule Kisesa katika Bulabo mwezi Juni. Mimi siku zote nilidhani ngoma ya shamba ni ya kuharakisha kazi. Sasa nadhani ilikuwa pia na kazi ya kuhesabu watu. Katika safu ile asiyefika huonekana, na mwenye jembe zito husikika. Baba alipolima na ng'ombe wake peke yake alimaliza ekari mapema, na hakuna aliyejua kama amesema neno siku hiyo.

Wenzetu wa Zimbabwe walianza jambo la namna hiyo mwaka 2006. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza kwa utaratibu na watu waliolemewa. Kwa Kishona hali hiyo huitwa kuwaza kupita kiasi, na Waswahili nao husema fulani ana mawazo. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi wale walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi na bibi. Hapa Simiyu sijui tuna upungufu wa kipi kati ya viwili hivyo.

Kwa upande wangu nimeanza kuitumia ile kalenda ya pili. Kama najua palizi inakuja Januari, najua pia kwamba miezi yangu inakuja. Mwezi Julai, fedha zikiwapo na akili ikiwa nyepesi, ndipo ninaponunua gunia la mwezi Februari na kuweka akiba ya sare. Mwezi Oktoba namwambia mke wangu na yule mwenzangu wa ofisini dalili ya kwanza ni ipi. Kwangu ni kuacha kunyoa ndevu. Wanayo ruhusa yangu kunipeleka kliniki hata nikikataa. Palizi ya robo ekari yangu nafanya na majirani watano, leo kwangu kesho kwako, bila ngoma lakini kwa kelele za kutosha. Bia nimeiacha kuanzia Novemba, kwa kuwa niliona ikinipa usingizi wa saa mbili na kunidai alfajiri nzima. Siku ambazo siwezi lolote, naoga na kutembea mpaka barabara kuu na kurudi. Mwaka huu kulikuwa na siku kama tisa hivi. Moja ilikuwa Jumanne iliyopita.

Kwenu wanafunzi nina jambo moja tena. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, katikati ya miezi niliyoitaja, nyumba nyingi zikiwa hazina kitu. Kijana aliyefeli huketi nyumbani mwezi ambao kila mtu amenuna, na hudhani wote wamenuna kwa ajili yake. Wakati mwingine ni kihenge tu. Mkiwa na mwenzenu wa namna hiyo mwendeeni, na msimpelekee nasaha. Mwulizeni amekula nini. Na hapa shuleni yupo mwalimu wa ushauri. Kazi yake si viboko.

Wenzangu wa kidato chetu, nimemwomba Katibu orodha yetu ya mwaka 1998. Tulimaliza 41. Nimeigawa kwa waliofika leo, majina matatu kwa kila mtu, na masharti ni kwenda mpaka mlangoni, si kupiga simu, kabla ya mvua hizi hazijakatika. Karatasi ziko kwa Katibu pale penye chai. Mimi nimechukua majina manne. La kwanza liko Mwandoya, na kesho asubuhi naondoka na basi la kwanza.